Chachandu ya Mtindi Siku ya Posa

Vijana, mkisikia mtu alikuwa mpishi maisha yake yote mnamwazia amevaa kofia ndefu nyeupe, anakatakata vitunguu kwa kasi kama wale wa kwenye simu zenu. Kofia hiyo niliivaa mara moja tu, siku ya kupigwa picha, na ilikuwa ya kuazima. Kazi yangu nimeifanya na taulo begani na ndala miguuni, kwanza kwenye jiko la watu wa misaada kule Lukole enzi za kambi ya wakimbizi, kisha kwenye nyumba ya wageni Ngara mjini, mpaka magoti yaliponiambia basi. Sasa niko kwangu Murukulazo. Nina migomba, nina ng'ombe wachache, na nina mke ambaye hapendi niguse sufuria zake.

Wachache wenu mnaojifunza mapishi mlinifuata mkitaka niwaandikie siri ya pilau. Pilau haina siri, ina subira tu. Mimi nitawaandikia kitu kidogo kuliko pilau, kitu cha pembeni ya sahani, ambacho kimenipa sifa, kikanipa aibu, na nusura kiniharibie ndoa ya mwanangu. Ni chachandu ya mtindi. Ndani yake mna mtindi mzito, limau, kitunguu saumu na majani mabichi, basi. Huliwa baridi, pembeni ya nyama choma au samaki, hata na ndizi za kuchoma. Mtu akiionja mara ya kwanza hukunja uso. Akiionja mara ya pili husogeza bakuli upande wake na kujifanya hajui kwamba wengine nao wapo.

Aliyenifundisha ni Mzee Sadiki, mwenyeji wa Biharamulo, aliyekuwa mpishi mkuu pale Lukole wakati mimi naosha vyombo. Alikuwa mfupi mwenye sauti ya kutosha watu wawili. Kwao walikuwa wakulima, na mama yake alipanda kotimiri na mnanaa nyuma ya nyumba, kwa hiyo majani aliyajua kabla hajajua kusoma. Kosa ambalo hakulisamehe kamwe ni kukata majani mapema. Ukiyakata asubuhi kwa ajili ya chakula cha mchana, alikuwa anakuita mbele ya watu wote.

"Wewe, jani likikatwa linaanza kufa. Sasa unampa mgeni chakula au unampa msiba?"

Siku aliponiruhusu kwa mara ya kwanza niandae chachandu peke yangu, nilitaka kumwonyesha kwamba mimi si wa masufuria machafu tu. Ilikuwa miezi ile ya baridi, ambayo huku kwetu mtu huota moto akiwa amevaa koti. Nikatoa mtindi kwenye friji, nikaushika, nikaona ni barafu tupu. Nikawahurumia wageni. Nikauweka motoni upate joto kidogo, na nikaukamulia limau hukohuko motoni ili kuokoa muda.

Ninyi mnaojua mmekwisha kucheka. Wasiojua niwaambie: mtindi ulikatika. Maji ya kijani yakaenda kivyake, mabonge meupe yakaenda kivyake, mimi katikati na mwiko wangu. Mzee Sadiki akaja, akachungulia sufuria, akanitazama, akachungulia tena.

"Umefanya nini?"

"Nimeupasha, Mzee. Kuna baridi."

"Kuna baridi," akarudia, kama mtu anayejifunza lugha mpya. Halafu akachukua kitambaa, akayachuja yale mabonge, akayakamua, akatia chumvi na pilipili manga, akapeleka mezani na mkate. Wageni wakala wakamaliza. Kesho yake wakauliza kama ile jibini ipo tena. Mzee Sadiki akaniita kutoka kwenye karo la vyombo kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Fundi! Njoo uharibu tena!"

Tangu hapo jina langu pale jikoni likawa Fundi Kuharibu, na nililibeba mpaka kambi ilipofungwa. Lakini nilijifunza, na ninyi jifunzeni bila kupitia karo: mtindi usionane na moto. Na limau usilimwage kwa pupa. Lidondoshe huku unakoroga, uonje, udondoshe tena. Anayemimina limau lote kwa mkupuo hana njia ya kulirudisha kwenye ganda lake.

Sasa kuhusu mtindi wenyewe. Mtindi wa kwenye kibuyu una moshi ndani yake, maana kibuyu hufukizwa kabla ya kutiwa maziwa. Mimi naupenda, na wageni wa kutoka mbali walikuwa wakiniuliza nimetia kiungo gani. Wa kwenye pakiti ni laini lakini hauna habari ya kukusimulia. Wowote utakaotumia, uchuje kwanza. Tandika kitambaa safi cheupe juu ya bakuli, mimina mtindi, funga kifundo, ning'iniza udondoke maji mpaka ukiuchota na kijiko ubaki umesimama.

Nimesema kitambaa cheupe kwa sababu. Mwaka mmoja pale nyumba ya wageni kitambaa changu kilipotea, nami nikaona kipande cha kitenge kipya, bado kina gundi ya dukani. Nikakiloweka haraka, nikachujia. Nilipofungua, mtindi ulikuwa na rangi ya bluu ya sare za shule ya msingi. Wageni walikuwa wamekwisha kaa mezani. Nikatia kotimiri mara tatu ya kawaida, nikaikoroga mpaka rangi moja ikamezwa na nyingine, na mama mmoja aliyekuja kwa semina akaniambia hajawahi kuona majani mengi namna ile kwa bei ile. Nikamshukuru na kurudi jikoni kwa hatua za haraka.

Siku nyingine mtindi uliisha, tukaagiza wa dukani. Makopo yalipokuja nilikuwa nimechelewa, nikafungua, nikatia kitunguu saumu, chumvi na pilipili, ndipo nikaona inazidi kuwa ya waridi. Ilikuwa yogati ya matunda, ile tamu ya watoto. Yupo dereva wa lori aliyeila yote. Aliniita akaniuliza kama ni dawa ya tumbo, maana alijisikia ahueni. Nikamwambia inasaidia.

Mashine za kusagia nazo zilipokuja, nilidhani nimepumzika. Nikatupa majani yote ndani, nikabonyeza, mashine ikalia. Kilichotoka kilikuwa na harufu ya uwanja wa mpira uliofyekwa baada ya mvua. Jani linataka kisu kikali na mkono mwepesi. Lioshe, likung'ute, likaushe kwa kitambaa, maana maji yaliyobaki kwenye jani ndiyo yanayofanya chachandu iwe uji. Kisha ulikate mwishoni kabisa, chakula kikiwa kinaelekea mezani. Ganda la limau nalo lina kazi: lipitishe juu ya kile chuma cha kukwangulia karoti, uchukue rangi ya juu tu, ukifika kwenye weupe usimame, huko ni uchungu mtupu. Na kama ng'ombe wako amekamuliwa maziwa mepesi, ponda parachichi lililoiva, nusu tu, uchanganye. Huku kwetu parachichi zinaanguka zinaliwa na nguruwe, na watu wa mijini wanazinunua kama dawa.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Sasa niwaambie siku ambayo chachandu hii ilisimama mbele ya wakwe.

Binti yangu Devota ni mwalimu, anafundisha Biharamulo. Huyu alikua chini ya meza yangu ya jikoni. Mtoto mwingine akilia hupewa ziwa, yeye alikuwa anapewa kijiko cha chachandu. Basi akapata mchumba, kijana anaitwa Nestori, wa familia ya wafugaji wa Bugarama. Kijana mpole, anaongea kwa zamu. Tatizo lilikuwa kwamba posa ya kwanza ya Devota, ya kijana mwingine miaka ya nyuma, ilivunjika kwa neno moja dogo lililotoka mdomoni mwa mjomba wa upande wetu wakati wa kula. Wageni waliinuka, wakachukua kofia zao, basi. Devota hakulia mbele yetu. Alirudi shuleni kwake na hakuja nyumbani kwa muda mrefu. Kwa hiyo safari hii niliogopa, nawaambia wazi. Niliogopa kuliko siku yoyote ya kazi.

Na huko Bugarama mwenye neno la mwisho alikuwa bibi yake Nestori, Bibi Anastazia. Baba wa kijana alikwisha fariki, na wajomba wote walikuwa wakizungumza halafu wanamtazama bibi. Mshenga alituonya mapema: "Bibi akila kwenu, mmepata mkwe. Bibi akiinuka bila kula, msinitafute."

Devota akanipigia simu. "Baba, siku hiyo nataka chachandu yako kwenye nyama. Usimwachie mtu mwingine."

"Mwanangu, baba mwenye binti hapiki siku ya posa. Anakaa sebuleni na koti."

"Kwani wataonaje? Pika asubuhi, halafu vaa koti."

Mnaona watoto wanavyotushauri. Nami nikafanya hivyohivyo. Asubuhi nilichuja mtindi wa ng'ombe wetu, ndoo nzima ndogo nyeupe yenye mfuniko. Nikatia chumvi, kitunguu saumu kilichopondwa, pilipili kidogo, limau na ganda lake. Majani nikayaosha nikayaacha mazima kwenye sahani, kwa heshima ya Mzee Sadiki, yakatwe nyama ikiwa tayari. Nikaiweka ndoo ndani ya beseni la maji baridi, kwenye kona ya jiko. Nikaoga, nikajisugua mikono na limau ili kuondoa harufu ya saumu, nikavaa koti. Mke wangu akaninusa akasema nanuka kama kachumbari lakini kwa mbali.

Wageni wakaja. Bibi Anastazia akatangulia, mwembamba, amejifunga vitenge viwili, ana fimbo ambayo haiegemei. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi," akaitikia, "Marahaba," huku akitazama zizi, siyo mimi. Alihesabu ng'ombe kwa macho, nikajua. Wakaketi. Devota alikuwa amefichwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, kama ilivyo desturi, hatoki mpaka aitwe. Upande wetu msemaji alikuwa jirani yangu Mzee Sefania, maana baba hasemi siku hiyo. Baba anakaa, anatikisa kichwa, anakuwa mtu mzito.

Mshenga akaanza: "Sisi tulikuwa tunapita njia, tukaona ua lenye ua zuri..." na maneno mengine ya namna hiyo ambayo huwa ni marefu.

Hapo ndipo akafika Edita, mdogo wake mke wangu. Edita ni mtu wa msaada sana. Ukimwita aje kukusaidia kuzima moto, atakuja na kuni. Alichelewa kwa sababu alikuwa shambani, akapitia mlango wa nyuma, akakuta wasichana wanahangaika na nyama nje, akachungulia sebuleni: wageni wamekaa, mikono mitupu. Na nyumba hii ina ng'ombe! Wafugaji wamekaribishwa kwenye nyumba ya ng'ombe bila hata kikombe cha maziwa! Nadhani damu ilimpanda kichwani kwa aibu kwa niaba ya ukoo mzima. Akaingia jikoni, akaona beseni, akaona ndoo, akafunua mfuniko. Mtindi mweupe, mzito, wa baridi. Harufu ya saumu ilikuwa jiko zima kwa sababu ya pilau, hakushtuka. Akapanga vikombe kwenye sinia, akajaza.

Mimi nilimwona akiingia na kupiga magoti, sinia mbele. "Kalibuni maziwa," akasema kwa adabu kubwa.

Nilivyoona weupe ule na chembe za njano za ganda la limau juu yake, moyo wangu ulishuka ukakaa kwenye soksi.

Mjue kitu kimoja. Kwa wafugaji wa huku, maziwa hayakataliwi. Ukiletewa unapokea kwa mikono miwili, na ukishaonja unamaliza, kwa kuwa kuyaacha ni kumtukana mwenye ng'ombe na ng'ombe mwenyewe. Nami sikuweza kusema neno. Baba hasemi. Nikamtazama Mzee Sefania nimkonyeze, yeye akadhani namhimiza apokee kikombe.

Bibi Anastazia akapokea wa kwanza. Akanywa. Akasita. Uso wake haukusogea hata kidogo, ila sikio moja nadhani lilisogea. Akanywa tena. Wajomba walipoona bibi anakunywa, wakanywa. Mmoja macho yakamjaa machozi, akatazama juu ya paa kana kwamba kuna ndege. Nestori alimeza kwa sauti. Mshenga, ambaye alikuwa katikati ya ua lenye ua zuri, akapiga funda kubwa ili aendelee, na sauti aliyorudi nayo ilikuwa nyembamba, ya mtoto wa kwaya. Nami nilipewa changu. Nikanywa, nifanyeje? Na Mungu anisamehe, katikati ya janga lile ulimi wangu wa kazi ukaniambia kwamba saumu imekaa vizuri.

Wakamaliza vyote. Edita akafurahi, akawaongeza.

Mazungumzo yakaenda salama, kwa namna ya ajabu. Watu walikuwa wanataka yaishe. Ndipo nyama ikaletwa: mbuzi mzima wa kuchoma, anameremeta, na pilau, na ndizi. Wasichana wakaanza kunawisha wageni mikono. Walipofika kwa Bibi Anastazia, akaificha mikono yake ndani ya kitenge.

"Tunashukuru," akasema. "Rakini sisi tumekunywa maziwa. Nyama mtatusamehe."

Kwa wazee wa kule nyama na maziwa havikutani katika tumbo moja siku moja. Wanasema ng'ombe aliyekamuliwa ataumia chuchu. Ninyi vijana mnaweza kucheka, lakini yule bibi alikuwa na ng'ombe, na alikuwa anawapenda, na hakuwa tayari kuwaumiza kwa ajili ya mbuzi wangu. Wajomba nao, mmoja baada ya mwingine, wakaficha mikono. Yule aliyetazama paa sasa alikuwa anamtazama mbuzi kwa huzuni ya kweli.

Upande wetu ukaanza kunong'ona. Mzee Sefania, ambaye alikuwa hajaelewa, akavimba. "Mbuzi wetu ana kasoro gani? Mnakataa chakula chetu?"

"Hakuna aliyekataa," mshenga akasema.

"Mikono iko wapi, basi?"

Mjomba mmoja wa Nestori akasogeza kofia yake kutoka gotini. Ni jambo dogo, kusogeza kofia, lakini niliwahi kuliona siku ile ya posa ya kwanza. Mke wangu naye aliliona kutoka mlango wa jikoni. Chini ya pazia la chumba cha ndani niliona vidole vya miguu ya Devota, vimejikunja. Lisilo budi hutendwa. Nikasimama.

"Shikamoo tena, Bibi."

Watu wakageuza vichwa. Baba anasema!

"Marahaba," Bibi akajibu, na safari hii alinitazama mimi.

"Bibi, mlichokunywa si maziwa. Ni chachandu. Ni kitu cha kulia nyama. Kimeletwa kwenu kabla ya wakati wake, na kwenye chombo kisicho chake."

Edita akatoa mlio mdogo mlangoni.

"Kina nini ndani?" Bibi akauliza.

Nikajikuta nakariri mapishi mbele ya wazee wa koo mbili kama mtoto anayekariri katekisimu. Mtindi uliochujwa. Limau. Ganda la limau. Kitunguu saumu. Pilipili. Nikasita.

"Na?"

"Na chumvi, Bibi."

Wazee wa kule hawatii chumvi kwenye maziwa. Mjomba mwenye kofia akaishika kabisa.

Bibi Anastazia akachukua kikombe chake, akachungulia kilichobaki chini, akakinusa kwa utulivu, kama mtu anayetambua mzigo uliopotea. "Nilipoonja nikasema moyoni, hawa watu ng'ombe wao anakula nini?" akasema. "Nikasema rabda wanatujaribu kama tuna adabu. Tukanywa. Tumeshinda adabu au hatujashinda?"

"Mmeshinda, Bibi," nikasema. "Mmeshinda kabisa."

"Basi sikirizeni." Akawageukia watu wake. "Maziwa yakitiwa chumvi na limau na vitunguu, hayo yamekwisha kufa. Hayana ng'ombe tena. Hii ni mboga. Na mimi tangu nizaliwe sijaona mtu anakunywa mboga vikombe viwiri bila kuletewa nyama." Akatoa mikono yake nje ya kitenge. "Nawisheni."

Kofia ikarudi gotini. Nadhani nusu ya chumba ilipumua kwa pamoja, na yule mjomba wa machozi akawa wa kwanza kukata paja.

Nilikuwa sijakaa vizuri aliponiita tena. "Baba Devota. Aliyepika hii ni nani?"

Nilitazama koti langu. Halikunisaidia. "Ni mimi, Bibi. Ndiyo kazi niliyofanya maisha yangu yote."

"Na binti anajua kuipika?"

"Anajua kuliko mimi."

Bibi akamgeukia mjukuu wake. "Nestori. Wewe unajua kupika nini?"

Nestori, masikini, akafikiri kwa uaminifu. "Chai, Bibi."

"Chai." Akatafuna kwa muda. "Huyu binti amelelewa na baba anayepika. Akija kwetu akute mwanaume anayengoja chai? Atarudi kwao, na mimi nitakuwa nimekula mbuzi wa watu bure. Inuka. Nenda na baba mkwe wako akufundishe. Na mboga yenyewe mmeimaliza kwenye vikombe, nyama inakuwa kavu."

Mkwe kuingia jikoni mwa mama mkwe wake, watu wasiopaswa hata kutazamana! Mke wangu alisikia hukumu hiyo akatoka jikoni mbio kwa mlango wa nyuma, akiwa amejifunika kanga uso mzima, akamgonga Edita, wakaangukia kwenye kuku. Nestori akaingia na suti yake ya bluu, akasimama katikati ya sufuria kana kwamba yuko kanisani kwa watu wengine.

Nikamvua koti, nikamfunga taulo. Mtindi ulikuwa umebaki kidogo kwenye kitambaa cha kuchujia, tukaongeza parachichi. Nikamwonyesha namna ya kushika kisu. Alikata majani polepole sana, ulimi nje, kila jani kama analiomba radhi. Limau akalidondosha tone moja moja, akinitazama kila tone. Alikuwa na mikono mizuri, mikono ya mtu aliyezoea kukamua, haina papara. Nilimwangalia, na ghafla nikaelewa kwamba huyu ndiye atakayekula na mwanangu kila siku, mimi nikiwa huku na migomba yangu. Nilifurahi. Na iliniuma. Vyote viwili, kwa wakati mmoja, na sioni haya kuwaambia.

Pazia la mlango wa jiko likasogea. Devota alikuwa amesimama mlangoni, hajaitwa, na desturi ilikwisha vunjwa mara nyingi mno siku ile hata hakuna wa kumkemea.

Nestori akachovya ncha ya kijiko, akaninyooshea.

"Baba," akasema, kwa mara ya kwanza akiniita hivyo, "chumvi imetosha?"

Nilikipokea kile kijiko. Nilitaka sana kuonja. Miaka yote ile hakuna chachandu iliyotoka jikoni kwangu bila ulimi wangu kuipitisha. Nikampa Devota.

"Mimi usiniulize tena," nikamwambia. "Muulize huyu."

Devota akaonja. Hakuharakisha. Akamtazama Nestori, akamtazama tena, halafu akamrudishia kijiko.

"Bado," akasema. "Ongeza."